Daraja Lililohama

Kinyozi alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa mtaalamu wa galaksi. Mtaani walimwita Dokta, na kwa kuwa daktari wanayemjua wao ni yule wa sindano, kila mara alisimamishwa njiani na mtu mwenye jino au goti. Shangazi yake, aliyeishi nao tangu mama alipofariki, alikuwa wa kwanza kulalamika.

"Udaktari gani huu," alisema, "wa kutibu nyota ambazo haziumwi, na mgongo wangu mimi hujautazama hata siku moja?"

Dokta alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka siku hizo, kwa sababu alikuwa amepata kitu.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza picha zilizopigwa na darubini kubwa iliyoko juu ya mlima, mbali sana na taasisi alikoajiriwa. Galaksi, alipenda kuwaeleza wageni, ni kama mji, ila wakazi wake ni nyota, mabilioni kwa mabilioni. Na kama ilivyo kwa watu, galaksi nazo hazipendi upweke. Hukaa kwa makundi, mamia, hata maelfu, zikivutana na kugongana. Kundi likilikaribia kundi jingine, zile galaksi hunyang'anyana nyota, na nyota zilizonyang'anywa hubaki zikitangatanga katikati, hazina kwao, mwanga wake hafifu kiasi kwamba darubini hulazimika kukodoa jicho usiku baada ya usiku ili iuone.

Basi, Dokta alikuwa ameona mkanda wa mwanga wa namna hiyo, mwembamba kama moshi wa ubani, ukitoka kundi moja hadi la pili. Daraja zima la nyota. Kama lilikuwa la kweli, lilikuwa refu kuliko lolote ambalo yeye au wenzake waliwahi kulisoma.

Kama lilikuwa la kweli. Neno hilo lilitoka mdomoni mwa jirani yake wa ofisini, mtafiti mmoja mpole aliyeitwa Kobe, kwa vile hakukubali jambo mpaka alizunguke pande zote. Katika kikao cha idara alinyoosha mkono, akasubiri aruhusiwe, ndipo akasema:

"Kuna nyota kali sana hapa kando, nje kidogo ya picha. Nyie mmewahi kutazama taa ya barabarani kupitia dirisha la gari, mkaona taa mbili? Moja ni taa, ya pili ni kioo kinakudanganya. Kamera nayo ina vioo. Naomba picha zipigwe tena, kamera ikiwa imegeuzwa. Daraja likikaa palepale, ni la mbinguni. Likihama pamoja na kamera, ni mzuka."

Mzuka ndilo jina walilolitumia wao kwa mwanga wa namna hiyo, unaotokea pasipo na kitu.

Ushauri ulikuwa mzuri, na Dokta alijua kwamba ni mzuri. Lakini mkurugenzi alikuwa amekaa pale, wanafunzi walikuwa wamekaa pale, na hakuna anayependa kumwagiwa maji akiwa amevaa nguo mpya. "Kobe," akasema, "wewe hata jua likichomoza utaomba lichomoze tena ndipo uamini." Chumba kizima kikacheka. Kobe naye akatabasamu, akaketi. Dokta akaandika ombi la picha za pili, maana ndivyo utaratibu ulivyotaka, lakini hakusubiri majibu. Makala ikapelekwa, ikakubaliwa, mkurugenzi akaita waandishi wa habari, na jina la taasisi likasomwa kwenye taarifa ya habari.

Nyumbani, alipoulizwa na baba yake kama wenzake wamefurahi, alijibu huku akivua viatu, "Wote, isipokuwa huyo jirani yangu wa mlango wa pili, anayesema daraja ni mzuka. Kijicho tu." Alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyotupa ganda la chungwa. Baba yake hakulitupa. Alilihifadhi.

Kinyozi alikuwa na kibanda chake cha kunyolea karibu na lango la taasisi: viti viwili, benchi la wanaongojea, kioo kikubwa chenye ufa pembeni. Alipopewa nakala ya ile picha aliitundika ukuta wa nyuma, ili anayenyolewa aione kupitia kioo. "Geuza kichwa kidogo," angemwambia mteja, "ee, hapo hapo. Unauona ule ukungu? Macho ya kwanza kuuona duniani ni ya mwanangu." Wateja walikubali wanauona. Mtu mwenye wembe shingoni mwako humbishii.

Picha za pili zilifika asubuhi ya siku ambayo Dokta alialikwa redioni. Hali ya hewa kule mlimani ilikuwa imezichelewesha, na zilipofika zilifika kwake peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeziomba. Alizifungua akiwa amesimama, mkoba begani. Makundi mawili ya galaksi yalikuwa mahali pake, kila galaksi kwenye kiti chake. Daraja halikuwapo. Au tuseme lilikuwapo, ila lilikuwa limehama. Lilikuwa limejilaza upande mwingine kabisa, kwenye anga tupu lisilounganisha chochote na chochote, kwa kiasi kilekile kamera ilichogeuzwa.

Alizitazama tena, bado amesimama. Akafunga kompyuta. Akajiambia labda ni mawingu. Akajiambia ataziangalia vizuri kesho, kwa utulivu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Kisha akaenda redioni.

Mtangazaji alikuwa mchangamfu, sauti yake tamu kama ya mtu anayekujua tangu utotoni. Aliuliza kuhusu nyota, akauliza kama Dokta anaweza kumwambia ataolewa lini, Dokta akajibu kuwa huo ni unajimu na kwa mambo hayo amwone mtu mwingine, wakacheka. Halafu mtangazaji akasema:

"Lakini kila jambo jipya lina wapinzani. Hakuna wenzako wanaolitilia shaka daraja hili?"

Ilikuwa nafasi ya wazi, mlango umeachwa wazi kabisa. Angeweza kusema, leo asubuhi nimepokea picha mpya na sina uhakika. Maneno machache tu. Badala yake alisikia ulimi wake ukijibu, "Mti wenye matunda ndio upigwao mawe."

"Umesikia wewe unayerusha mawe!" mtangazaji akashangilia, akaweka muziki.

Jumamosi iliyofuata Dokta alipita kibandani kumpelekea baba yake miwani aliyoisahau. Benchi lilikuwa limejaa. Kwenye kiti cha kwanza, kitambaa cheupe kimemfunika mpaka magotini, alikuwa ameketi Kobe. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umeshanyolewa. Wa kulia ulikuwa bado na nywele zake nzito.

Dokta alitaka kurudi nyuma, lakini baba yake alikuwa ameshamwona.

"Huyu hapa mwenyewe!" kinyozi akasema. Kisha akamtazama mteja wake kwenye kioo, akamtazama tena binti yake, na jambo likamjia. Akazima mashine. "Ngoja kwanza. Wewe si ndiye unayefanya kazi mlango kwa mlango na mwanangu?"

"Ndiye mimi, mzee," Kobe akajibu.

"Ndiye wewe unayesema daraja lake ni mzuka?"

"Nilisema tuhakikishe, mzee. Sikusema zaidi ya hapo."

"Tuhakikishe!" Kinyozi aliwageukia watu wa benchini, mashine mkononi. "Mnasikia? Mtoto wa mwenzako kakesha miaka, macho yamemwisha, kapata chake, wewe unasema tuhakikishe. Kijana, umesoma. Una kazi, una mke, una nyumba. Kijicho cha nini? Hujui kwamba riziki ya mwenzio haikupunguzii yako?"

Benchini watu walicheka kicheko kile cha wasiojua kisa lakini hawataki kupitwa. Dokta alisimama mlangoni, miwani ya baba yake mkononi. Alijua kila kitu. Katika kibanda kile, katika mji ule, pengine duniani kote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua kwamba mtu yule aliyefungwa kitambaa shingoni alikuwa amesema kweli.

Kobe alimtafuta Dokta kwenye kioo, akampata, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya ofisini:

"Picha za pili hazijafika?"

"Bado," Dokta akasema.

"Mmesikia? Bado!" kinyozi akadakia, kana kwamba neno hilo limemaliza kesi.

Kobe aliendelea kumtazama kidogo tu. Kama alielewa, hakuonyesha. Akafungua kitambaa shingoni, akakikung'uta, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Akatoka. Nusu ya kichwa ilikuwa na nywele na nusu haina, na jua lilikuwa utosini, na barabara ilikuwa imejaa watu wa Jumamosi. Mmoja wa wale wa benchini akapiga paja lake, "Jamani, huyo naye kaondoka na makundi mawili kichwani, bado daraja!" Kicheko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Kobe, aliyekuwa hajafika hata kwenye kona, hakika alikisikia. Hakugeuka.

Dokta aliweka miwani juu ya meza ya vitana, akaenda nyumbani. Shangazi alipakua chakula, akakipasha moto kilipopoa, kisha akakifunika. "Kama ni mwanamume anayekukosesha chakula, mwambie akupishe," alisema. Dokta alisema si mwanamume. Halafu akafikiri, akaona kwamba ni mwanamume, ila si kwa namna aliyodhani shangazi, na alipofikiria kile kichwa kikikata barabara alijifunika uso kwa mikono yote miwili mchana kweupe, akiwa amekaa jikoni. Kukosea hakukumsumbua sana. Kila mtu wa fani yake alikuwa na mzuka wake mmoja au miwili. Kilichomla ni lile neno "bado". Lilikuwa neno dogo, na hakuna aliyemlazimisha kulisema.

Jumatatu alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, mama mmoja mtu mzima aliyewaita watafiti wote wa kike "mdogo wangu". Akaziweka picha zote mbili mezani, sambamba. Mkurugenzi hakuhitaji kuelezwa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zilifika lini?"

"Kabla sijaenda redioni."

Nje mtu alikuwa akifyeka majani, mlio ukija na kuondoka.

"Mdogo wangu," hatimaye akasema, "hapa nani anajua? Mimi na wewe. Tutasema zimefika leo. Tutaiondoa makala kwa heshima, tutaeleza kwamba tumejichunguza wenyewe tukajirekebisha. Hiyo hata ni sifa."

Lilikuwa shauri la kumfaa mtu, na Dokta aliona aibu zaidi kwa jinsi lilivyomvutia. "Kobe aliniuliza Jumamosi mbele ya watu," akasema. "Nikamwambia bado. Tukisema zimefika leo, yule bado ni mwenye kijicho aliyebahatisha."

"Unajua maombi yako ya darubini yatakavyopokelewa baada ya hapo?"

"Najua."

"Basi kaandike ukweli wote, uniletee nisome," mkurugenzi akasema, na hakumwita tena mdogo wangu siku hiyo.

Lililokuwa gumu zaidi ni kwenda kibandani. Mchana ule hakukuwa na wateja. Baba yake alikuwa akifagia nywele. Dokta alimweleza akiwa amesimama, haraka haraka, bila kumtazama, ile nyota kali, vioo vya kamera, picha zilizofika, redio. Mzee aliegemeza ufagio ukutani, akakaa kwenye kiti cha wateja kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kunyolewa.

"Kwa hiyo daraja halipo."

"Halipo, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitikisa kichwa polepole. "Hilo si neno. Na mimi nimewahi kumkata mtu sikio." Akautazama mlango. "Lakini yule kijana. Siku ile nilipokuwa namsema, wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni, na unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha niendelee."

Baba yake hakupandisha sauti, na Dokta alitamani aipandishe.

"Mchuma janga hula na wa kwao," mzee akasema. "Haya, na mimi nimekula. Mtu kakaa kwenye kiti changu, kanipa shingo yake, nikamfukuza nusu ameshanyolewa. Tangu nishike mashine sijawahi." Akasimama, akaigeuza picha ikatazama ukuta, akafunga mlango wa kibanda. "Unajua anakoishi? Twende."

Kobe aliishi kwenye nyumba za ghorofa, chini, mlango unaotazamana na kamba za kuanikia nguo. Aliyefungua ni mkewe, mwanamke mrefu aliyekuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Alikitoa, akawatazama mmoja mmoja, hakuwakaribisha ndani.

"Tumekuja kuomba radhi, mama," kinyozi akaanza.

"Kwa lipi?"

Mzee alimtazama binti yake. Dokta akasema, kwa sauti ya chini, "Kama tungeweza kuingia ndani mara moja..."

"Hapana, dada. Mume wangu hamkumwaibisha ndani," mke akasema. "Mlimwaibisha hadharani. Alikuja na kofia aliyoazima njiani, akakaa chooni saa nzima akajinyoa kilichobaki kwa wembe, akajikata. Alisema hakuna kitu, amebadili mtindo tu. Mimi nikasikia kisa sokoni. Semeni hapohapo mlipo."

Kwenye kamba za nguo kulikuwa na wanawake watatu au wanne, na wote waligundua ghafla kwamba nguo zao zinahitaji kunyooshwa vizuri. Dokta alikuwa amezungumza mbele ya maprofesa, alikuwa amezungumza redioni, lakini hapa alilazimika kuanza mara mbili. Alisema mwenzake alikuwa sahihi tangu mwanzo. Alisema yeye aliliona hilo kwa macho yake, akanyamaza, kisha akamwongopea. Alisema hapakuwa na kijicho. Neno hilo alilitunga yeye. Kinyozi naye alivua kofia yake, akasema yake kwa ufupi, akaomba kama kijana yuko radhi amalizie kazi yake nywele zikiota, kisha awe anamnyoa maisha yote bila kumdai.

Kobe alikuwa ametokea nyuma ya mkewe, kichwa kimenyolewa chote, plasta ndogo juu ya sikio.

"Mzee, sina neno nawe," akasema. "Wewe uliambiwa." Kisha akamgeukia Dokta, akachukua muda wake kama kawaida. "Nimesikia ulichosema. Nitakusalimia kazini, na tukiwa na kazi ya pamoja nitaifanya. Zaidi ya hapo usinidai kwa sasa."

"Sikudai," Dokta akasema.

"Karibuni siku nyingine," mkewe akasema, kwa adabu tu, akafunga mlango.

Makala iliondolewa. Dokta aliandika maelezo marefu kuonyesha mwanga wa nyota ile ulivyopita, kioo gani uligonga, ukarudi wapi, na juu kabisa akaandika jina la mtu aliyemwonya. Watafiti wa nchi nyingine waliotumia kamera ileile walimwandikia. Wawili walikuwa wamekuta mizuka yao wenyewe, na mmoja alimshukuru kwa maneno mazuri. Alifurahi kidogo, kisha akaona haya kwa kufurahi.

Redioni hawakumtaka. Mtangazaji alisema kwenye simu kwamba habari za kitu kisichokuwapo hazina wasikilizaji. Alipiga tena na tena mpaka akapewa nafasi fupi asubuhi, kati ya hali ya hewa na matangazo ya vifo. Alieleza yote, akamtaja Kobe kwa jina lake halisi, lote, la kwake na la baba yake. Mtu mmoja akapiga simu, fundi bomba kwa maelezo yake mwenyewe.

"Kwa hiyo dada yangu, siku ile ulitudanganya?"

"Siku ile nilikuwa nimeshaziona picha," Dokta akasema. "Ndiyo, kaka. Niliwadanganya."

"Haya," fundi bomba akasema, kana kwamba alitarajia ubishi na sasa hajui aweke wapi maneno aliyojiandalia. Akakata simu.

Jioni baba yake alirudi mapema. Shangazi alikuwa ameshaisikia redio. Alijishughulisha na masufuria. Mzee alinawa, akala, akasogeza sahani pembeni.

"Kibandani leo redio ilikuwa imewashwa," akasema.

"Nilijua itakuwa imewashwa."

"Kulikuwa na mgeni kwenye kiti, mtu wa kupita. Aliposikia akaniuliza, mzee, huyo anayezungumza unamjua? Maana aliniona nimesimamisha mashine." Kinyozi alitazama mikono yake. "Mwanangu, nilikawia. Nilimjibu kwamba ni binti yangu, lakini nilikawia kumjibu. Nimeona nikwambie mwenyewe."

Dokta alitikisa kichwa. Alitaka kumwambia kwamba si kitu, lakini ilikuwa kitu, nao wote wawili walijua. Akakusanya vyombo, akaenda kumsaidia shangazi kuosha.